Oda Moja, Bendera Mbili

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za stoo. Nimebaki na chumba changu hapa Guangzhou, mtaa wa Sanyuanli, masanduku mawili ya safari, na simu ambayo bado inalia kila asubuhi maana haijaambiwa kwamba nimestaafu. Nyinyi vijana mnaobaki kwenye kazi hii mmeniomba niwaandikie niliyoyaona kabla sijarudi Mbeya. Haya, naandika. Habari za nani alipata ngapi na nani alijenga wapi siziandiki, kwa sababu hizo mnazijua kuliko mimi, na nyingine ni za uongo.

Kwa atakayesoma bila kuwa mtu wa hapa, ajenti ni yule anayempokea mfanyabiashara aliyetoka nyumbani, anamzungusha kwenye masoko ya Guangzhou, anamsemea kwa Wachina, anamkagulia mzigo, kisha anausafirisha. Mzigo ukifika salama, mteja anasema amefanya biashara. Ukifika umeharibika, anasema ajenti ameharibu. Ukishalizoea hilo, mengine ni mepesi.

Mimi nilikuwa fundi cherehani. Nilikuja kununua nguo za watoto, nikiwa na hakika kwamba mtu anayejua kushona hawezi kudanganywa kwenye nguo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Siku yangu ya kwanza Barabara ya Zhanqian niliingia kwenye jengo la jumla ambalo kila ghorofa ni nguo, na ukidhani umeona zote unakuta ngazi nyingine. Muuzaji anakubandikia kikokotoo usoni, unabonyeza bei yako, anabonyeza yake, anasema neno, unasema neno, hakuna anayejua mwenzake kasema nini. Alasiri majengo yale yalianza kufungwa, mapazia ya chuma yakishuka kila upande, na mimi mlango niliouingilia sikuuona tena. Nikakaa juu ya robota la mtu nikalia, mama mzima.

Ndipo akatokea Papa Dieudonné. Alikuwa Mkongomani wa Lubumbashi, mwembamba, suruali yake imepigwa pasi mpaka inakata, ajenti wa siku nyingi. Alisimama mbele yangu akaniuliza, "Maman, unalia juu ya nini? Juu ya bei, ao juu ya bwana?"

Nikamwambia nimepotea.

"Huku kila mutu amepotea," akasema. "Wengine tu wanajua restaurant iko wapi. Simama, twende tule."

Huyo ndiye mwalimu wangu. Kila ninachokijua kwenye kazi hii, kama hakikutoka kwa mama aliyenifundisha cherehani, kilitoka kwake. Alinifundisha kuchomoa uzi kwenye pindo la nguo na kuuchoma: pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu, poliesta inayeyuka na kuacha kipunje kigumu. Alinifundisha kutembea na kitambaa cheupe cha mkononi, kukilowanisha na kukisugua kwenye nguo ya rangi kali, ili nijue mapema kama shati litamchujia rangi mwenye shati. Vifaa vyangu vya kazi vilikuwa hivyo tu: kiberiti cha gesi, leso, futi ya kupimia na kikokotoo. Kiberiti nimenyang'anywa viwanja vya ndege vingi mpaka nikaacha kuhesabu. Leso ya kwanza bado ninayo, imeshika rangi zote za dunia.

Alikuwa na amri zake. Ya kwanza, sampo, yaani nguo ya mfano, haikubaliwi chini ya taa. Itoe nje mlangoni, iangalie kwenye mwanga wa jua, ndipo useme ndiyo. Ya pili ilihusu kuunganisha oda, na hii lazima niieleze vizuri kwa sababu ndiyo iliyozaa kisa ninachotaka kuwaambia.

Mnajua Kangle, ule mtaa wa mafundi cherehani hapa Guangzhou, palivyo. Vichochoro vimebanana, vyerehani vinanguruma kila chumba, marundo ya vitambaa yanapita juu ya pikipiki. Karakana za pale zitakushonea chochote, lakini kiwanda cha kutia rangi hakiwashi mtambo kwa ajili ya kitambaa kidogo. Mteja mdogo akitaka rangi yake mwenyewe, anaambiwa mei banfa, hakuna namna. Basi ajenti anatafuta mteja mwingine mdogo anayetaka rangi hiyohiyo, anawaunganisha bila wao kujua, karakana inaandika oda moja, na kila mtu anapata chake. Papa Dieudonné alikuwa akisema, "Unganisha oda, usiunganishe batu. Siku wateja wako wawili watajuana, watalinganisha bei, na wewe utabakia na kiberiti yako." Nilimsikiliza miaka yote, isipokuwa mara moja, na mara hiyo si kwa kupenda.

Papa alipokwisha kurudi kwao Lubumbashi, nami nimekuwa mama wa makamo ninayeogopwa na wauzaji wa vifungo, alikuja Bwana Gaspari. Huyu ni mtu wa Kigoma, muuza sare za shule, mteja wangu wa muda mrefu, mpole mpaka umguse anapouma. Safari hiyo hakutaka sare. Alifungua simu akanionyesha picha ya zamani iliyofifia: kijana mwembamba, fulana isiyo na mikono, kaptula pana inayofika magotini, namba kifuani, macho yake yanamwangalia mpiga picha utadhani anadaiwa jibu.

"Huyu ni babu, Dada Eda. Baba yake mama. Alikimbia Olimpiki."

Nikadhani anatania. Hakuwa anatania. Mzee Anselmi, ndilo jina la babu huyo, alizaliwa ng'ambo ya magharibi ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Bado kijana akavuka akaja Kigoma, akawa tarishi wa misheni, kazi ya kupeleka barua kwa miguu. Mzungu mmoja akaona jinsi anavyokula njia, akamchukua akaenda naye Ulaya kukimbia mbio ndefu. Enzi hizo si Tanzania wala Kongo iliyokuwa na bendera yake, kwa hiyo alikimbia kwa jina la nchi ya wakubwa waliomleta. Hakupata medali. Alimaliza, na nyuma yake walibaki Wazungu kadhaa, na kwa watu wa Kigoma hiyo ilitosha. Toka hapo Kigoma wanasema ni wao, Kongo wanasema ni wao, na kumbukumbu za michezo zinasema ni wa Ulaya, jambo ambalo pande zote mbili za ziwa wanakubaliana kwamba ni kichekesho.

Gaspari alitaka fulana za buluu zenye sura ya babu mgongoni na bendera ya Tanzania kifuani. Ukoo na parokia walikuwa wanaandaa mbio za kumkumbuka siku ya kumbukumbu ya kifo chake, mwezi wa nne. Mama yake Gaspari, Bibi Anjelina, ndiye angepunga kitambaa cha kuanzisha mbio.

"Mama amepita themanini," akaniambia. "Ana neno moja tu lililombakia moyoni. Anataka asikie mbele za watu baba yake akitajwa kuwa mtu wa Kigoma. Mwaka huu nampelekea, Mungu akipenda. Mwakani sijui kama nitakuwa naye."

Nikamwambia atapata. Ajenti hatakiwi kuahidi hivyo, lakini na mimi nilikuwa na mama.

Haikupita wiki akaja Maman Béa, mteja wangu mwingine, Mkongomani wa Kalemie, mji ulio upande wa pili wa ziwa lilelile. Zamani alifundisha Kifaransa, na hata akinunua soksi anakukosoa. Naye alitaka fulana za buluu za kumbukumbu ya mzee wao mwezi wa nne, sura mgongoni, bendera ya Kongo kifuani. Akanitumia picha. Nikaifungua, nikaifunga, nikaifungua tena. Kijana ni yuleyule, namba ni ileile, macho ni yaleyale.

"Huyu nani, Maman Béa?"

"Nkambo yangu, Maman Eda. Baba ya baba yangu. Athlète ya kwanza ya Kongo!"

Nkambo kwao ni babu. Nikameza mate nikamuuliza saizi. Kazi ya ajenti ni kuuliza saizi, si ukoo.

Sasa tazameni nilipokuwa. Mwaka mpya wa Kichina ulikuwa umekaribia, na nyinyi mnajua maana yake: karakana zinafungwa, mafundi wanapanda treni kwenda kwao, Kangle inakuwa kimya kama kanisa Jumatatu. Oda ya Gaspari peke yake haikutosha mtambo wa rangi. Ya Maman Béa peke yake haikutosha pia. Wote wawili walitaka buluu. Nikaziunganisha, oda moja, bendera mbili, nikamwomba Mungu anisaidie yaliyobaki.

Karakana ilikuwa ya mama mmoja wa jimbo la Hubei niliyefanya naye kazi miaka mingi. Sisi tulimwita laobanniang, yaani mama bosi, na sijawahi kusikia mtu akimwita kwa jina lingine. Nilimpangia Gaspari aje asubuhi kuangalia sampo na Maman Béa aje mchana. Gaspari alipitia Zhanqian kwanza kutafuta mikanda ya wanafunzi, akafika mchana. Maman Béa amewahi kuwa mwalimu, akafika kabla ya saa yake. Wakakutana mlangoni, chini ya waya niliokuwa nimetundikia sampo zote mbili ziangaliwe kwenye jua, kama nilivyofundishwa.

Gaspari alizitazama, akacheka kidogo. "Dada Eda, hii nyingine wamekosea bendera."

"Nani amekosea?" akasema Maman Béa. "Ile ya kwako ndiyo wamekosea. Ile ni nkambo yangu."

"Babu yako wapi? Huyu ni baba wa mama yangu, Anselmi wa Kigoma."

"Anselmi wa Kalemie, monsieur! Kigoma alifika tu kutafuta kazi."

Niliona uso wa Gaspari ukibadilika. "Wewe ni mtoto wa Filipo," akasema polepole.

"Na wewe ni wa Anjelina."

Walikuwa mabinamu ambao hawajawahi kuonana. Filipo, baba yake Béa, na Anjelina, mama yake Gaspari, ni watoto wa Mzee Anselmi kwa mama wawili, mmoja ng'ambo hii na mwingine ng'ambo ile. Niliyajua hayo pale, wakiwa wanarushiana maneno juu ya kichwa changu. Miaka mingi nyuma Mzee Filipo aliwahi kusema redioni kwamba baba yake alikuwa Mkongomani, Kigoma alikwenda kwa kibarua tu. Bibi Anjelina alisikia. Toka siku ile hakumsemesha tena kaka yake.

"Unajua lile neno lilimfanya nini mama yangu?" Gaspari akafoka. "Kama babu alikwenda Kigoma kwa kibarua tu, basi bibi yangu alikuwa nani? Nyumba ya wageni?"

"Na sisi je?" Maman Béa naye sauti ilikuwa imempanda. "Mukisema alikuwa mutu ya kwenu, nyanya yangu anakuwa nani? Mwanamuke aliyetupwa? Alimungojea pale Kalemie mpaka kaburini!"

Niliumia. Mpaka hapo nilikuwa nimedhani ni ubishi wa bendera, ule wa wanaume kwenye mechi. Kumbe kila mmoja alikuwa anapigania heshima ya bibi yake. Bendera ilikuwa ni kitambaa tu, na kwa vitambaa mimi najua: unaweza kubadilisha. Hili lingine halikuwa na fundi.

"Futa oda yangu," akasema Gaspari.

"Ya kwangu pia. Sivai nguo ya mtambo moja na hao."

Ikabidi niseme ambalo Papa Dieudonné alinikataza kusema. Nikawaambia kwamba oda zao ni moja. Mmoja akijitoa, kiwanda cha rangi kinakataa, na mwingine naye anakosa. Mwaka mpya unafunga kila kitu, hakuna pengine pa kukimbilia. Wakitaka fulana watazipata wote, wakikataa watazikosa wote. Walitazamana kwa chuki ya kweli, ile ambayo huipati kwa mtu baki.

Vyerehani vilikuwa vimenyamaza. Mafundi walikuwa wamegeuza shingo, kwa sababu ugomvi hauhitaji mkalimani. Laobanniang akaja mkasi mkononi, akaniuliza kuna nini, sampo ina kasoro? Nikamweleza kwa kifupi: mzee mmoja, mkimbiaji, ng'ambo mbili za ziwa, kila upande unasema ni wake.

Alifikiri kidogo. Kisha akauliza, "Mwaka mpya alikuwa anakula kwa nani?"

Kwa watu wa kwao hilo ndilo swali lenyewe. Yeye alikuwa amekaa Guangzhou tangu msichana, wanawe wamekulia kwenye vichochoro vya Kangle, lakini vitambulisho vyao vinasema Hubei, na kila mwaka mpya wanabeba mabegi kwenda kula Hubei. Unakokula usiku ule ndiko kwenu, mengine ni anwani. Nikatafsiri, nikiweka Krismasi mahali pa mwaka mpya ili waelewe.

"Kigoma," Gaspari akajibu haraka. "Kila Krismasi. Mama anasimulia mpaka leo. Bibi anachinja jogoo, babu anakatiwa paja. Hajakosa hata moja." Akaongeza kwa sauti ya chini, maana ni mtu mkweli, "Ila Pasaka hakuwapo. Bibi alikuwa anasema amesafiri kikazi."

Maman Béa alivuta kigoda akakaa.

"Pasaka alikuwa kwetu," akasema. "Anafika na meli Alhamisi Kuu, na mfuko ya sukari. Papa yangu anasema walikuwa wanamungojea ku bandari, wamevaa viatu. Lakini Krismasi, Noël, hakukujaka. Nyanya anasema, Noël kazi iko mingi kule ng'ambo."

Mimi nilijifanya naangalia mshono.

"Kwa hiyo kila mwaka alikuwa anakwenda na kurudi," akasema Gaspari. Halafu akapiga mkono kwenye paja. "Kumbe mbio hakuwahi kuziacha!"

Maman Béa alicheka mpaka akainama, na aliponyanyua uso ulikuwa umelowa machozi. Gaspari akamtolea leso. Laobanniang akaniuliza wamesema nini. Nikamwambia alikuwa anakula kote kuwili. "Basi ana nyumba mbili," akasema. "Sampo ni sawa au si sawa?" Wakakubali sampo. Kila mmoja kwa bendera yake, wala msidhani vinginevyo.

Ningependa kuwaambia kwamba yaliishia pale kwa kukumbatiana. Gaspari alimpigia mama yake palepale karakana, akamwambia yuko na mtoto wa Mjomba Filipo. Bibi Anjelina akajibu, "Mwambie nimefurahi kusikia ni mzima. Nina maharage jikoni." Akakata. Maman Béa naye alimpigia baba yake, na Mzee Filipo akasema yuko kwenye sala, ilhali tulisikia redio nyuma yake. Wale watoto wa Mzee Anselmi walikuwa wagumu pande zote mbili. Gaspari aliweka simu mfukoni, akasema tu, "Mama atakufa na neno lake."

Fulana zikashonwa siku za mwishomwisho, mafundi jicho moja kwenye sindano na jingine kwenye tiketi ya treni. Wafungashaji walikuwa vibarua wa siku moja. Nilipofika stoo ya mizigo hapa Sanyuanli, marobota mawili yalikuwa yameshagandamizwa kwenye mashine na kushonwa, kila moja na alama ya mwenyewe kwa rangi nyekundu. Robota likishashonwa halifunguliwi, mnajua hivyo, ukilifungua halirudi tena kwenye udogo wake. Nilikagua alama, nilikagua uzito, nikapitisha. Yakaingia kontena moja mpaka Dar es Salaam, na nadhani yalikaa jirani mpaka Kigoma, ambako moja lilibaki na jingine likapanda meli kwenda ng'ambo.

Siku ya mbio nilikuwa chumbani humu, nimemaliza chakula cha mchana. Kigoma ilikuwa bado asubuhi. Simu ikalia.

"Dada Eda, umeniua!"

"Kuna nini, Bwana Gaspari?"

"Nimefungua robota hapa uwanjani. Nusu ni zetu, nusu ni bendera ya Kongo! Watu wamejaa, padre amefika, mama amekaa kwenye kiti!"

Nikaelewa papo hapo. Oda ilikuwa moja. Karakana ya Kangle ikipewa oda moja ya marobota mawili, inapanga kwa saizi na kugawa sawa kwa sawa; ndivyo wanavyofanya tangu zamani, na ndivyo inavyotakiwa. Wale vibarua hawakumjua Anselmi wala ziwa lake. Kwenye simu yangu nyingine ujumbe wa Maman Béa ulikuwa umeshaingia: kule Kalemie, hali ni hiyohiyo. Nikamwambia Gaspari.

"Nitazirudisha ndani hizi," Gaspari alikuwa anasema. "Nitazifunika na turubai kabla mama hajaziona. Leo, siku ya leo, dada, unajua nilichokuwa naomba!"

Nilijua. Ndipo nikasikia sauti nyingine karibu naye, ya kizee lakini kavu.

"Gaspari, unaficha nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Lete nione."

Nikasikia mchakacho wa kitambaa kwenye simu. Gaspari aliacha kunisemesha. Hakukata, na mimi, nasema wazi, sikukata.

"Hii ndiyo bendera yao?" akauliza Bibi Anjelina.

"Ndiyo, mama. Wachina wamechanganya. Nitazitoa."

"Na kule kwa Filipo wamepata zipi?"

"Nusu zao, nusu zetu."

Nilisikia watoto wakipiga kelele mbali, na mtu akijaribu kipaza sauti.

"Kwa hiyo kule leo kuna watu wamemvaa baba na bendera ya kwetu."

"Ndiyo, mama."

"Basi wavalishe watu zote," akasema. "Asibaki mtu. Na unipigie Filipo."

"Sasa hivi? Mama, watu wanasubiri mbio."

"Mimi nimesubiri zaidi yao. Piga."

Gaspari akachukua simu ya mtu mwingine, maana ile yake nilikuwa nayo mimi sikioni huku Guangzhou. Akampigia Maman Béa, akaweka sauti ya juu. Nikasikia mlio, nikasikia Béa akisema maneno mawili matatu ya haraka, kisha mzee mmoja akakohoa.

"Allô?"

"Filipo. Ni Anjelina."

Nikasikia mzee akiwaambia watu wake wapunguze kelele.

"Nasikia mmepata fulana zetu," akasema Bibi Anjelina.

"Tumezipata."

"Mmezifanya nini?"

"Batu wamevaa. Na mimi nimevaa moja. Ile ya kwenu." Akakohoa tena. "Niko nayo mwilini tangu alfajiri."

Bibi Anjelina alivuta pumzi, ndefu, nikaisikia mpaka huku. Aliposema tena, sauti haikuwa kavu.

"Imekukaa, kaka?"

"Inanibana tumbo, dada yangu," akasema mzee. "Lakini siivui."